Moto Ulitoka Jiko la Nani

Miaka ile ya mwisho ya Wabelgiji, mtu wa Baraka akipata kesi alipita kwangu kabla ya kupanda tribunali ya Fizi. Sikuwa na cheo chochote. Nilikuwa mpika sabuni. Walinikuta nyuma ya nyumba, mwiko mkononi, wakaketi juu ya kuni na kunieleza shida zao, nami niliwajibu huku nikikoroga, kwa sababu sabuni haikubali kuachwa. Fundi cherehani aliyefukuzwa kwenye baraza ya duka nilimwambia asiende kulalamika kwamba ameonewa, maana kila anayefika kule ameonewa. Atafute watu waliomwona akishona pale miaka yote, na wawe watu wasiomdai wala kumpenda. Mwanamke aliyetaka kumshitaki jirani kwa matusi nilimwambia arudi nyumbani akapike. Walisema nina moyo mgumu, nami sikubisha. Walisema pia kwamba nina akili ya tribunali. Hapo walikosea. Tribunali nilisimama mara moja tu katika maisha yangu, na siku ile sikuwa na akili yoyote.

Mume wangu alikuwa Mbembe wa milimani, kutoka juu ya Fizi. Alishuka Baraka akiwa kijana kutafuta kazi ya kubeba mafuta ya mawese, akanipenda, akasilimu ili anioe. Mimi ni wa watu wa ziwani, wale wanaoitwa Bangwana. Sabuni nilifundishwa na mama yangu: kuchoma maganda ya ndizi na vikonyo vya michikichi, kuchuja maji kwenye majivu, kuyapika na mawese mpaka yashikane, kisha kuviringa madonge na kuyafunga kwa majani. Mume wangu ndiye aliyeomba kiwanja, akachimba jiko, akaleta pipa la chuma lililokatwa nusu. Kiwanja na pipa vilikuwa vyake, kazi ilikuwa yangu, na tulipokuwa sote wawili hakuna aliyeona haja ya kutenganisha vitu hivyo. Wasichana wengi wa mtaa walivaa nguo safi Idi kwa sababu ya pipa lile, na mimi nilikula kwa sababu yake.

Alikufa msimu wa mvua, kwa homa ya kifua, asubuhi, sabuni ikiwa motoni. Nililikumbuka pipa kabla ya kukumbuka kulia. Halafu nikasahau kulia kabisa. Wanawake walinishika mabega wakiningojea nianze, nami niliwatazama tu, nikawa najiuliza kama kuna mtu amesogeza kuni.

Ndugu za mume wangu walishuka kutoka mlimani kuzika. Alizikwa Kiislamu, hilo hawakulibishia, lakini walidai jambo moja la kwao: moto wa nyumba uzimwe. Kwao mtu akifa, nyumba yake inakaa baridi, na mtu hawashi tena kwa kiberiti chake mwenyewe. Anangoja aletewe moto na mwingine. Wakazima jiko la chakula, wakaja nyuma wakamwagia maji na jiko la sabuni. Pipa lilikuwa nusu limeiva. Nilisimama pale nikiona mafuta yakipanda juu na maji yakibaki chini.

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, hakurudi mlimani baada ya mazishi. Alipewa nyumba ndogo iliyokuwa uani kwetu, akakaa na mke wake na watoto wao wawili, akisema anailinda nyumba ya kaka yake. Alikuwa mtu wa sauti kubwa na shati lililopigwa pasi, aliyewahi kuwa msimamizi kwenye mashamba ya pamba. Mke wake alikuwa mwembamba, mwenye maneno machache. Mimi nilikuwa ndani ya eda, sitoki nje ya ua. Siku nzima niliketi mkekani nikitazama ukuta. Nikiletewa chakula nilikula, nikiambiwa nioge nilioga.

Siku moja mke wa shemeji aliingia uani na kigae chenye makaa mekundu. Mvua ilikuwa imekatika kidogo.

"Mulamu," alisema, kama wanavyoita shemeji kwao, "ile sabuni yako itaoza bule. Mi naleta moto. Pika."

Nilinyanyuka, nikapokea kile kigae kwa mikono miwili, kama nilivyolelewa kupokea kitu cha mtu mzima. Shemeji alikuwa ameketi mlangoni kwake na wazee wawili waliokuja kutoa pole. Aliona. Alikohoa kidogo, akawatazama wale wazee, na wao wakaitikia kwa kichwa. Nilidhani wananihurumia. Niliwasha, nikaweka pipa, nikakoroga mpaka jioni, na ile sabuni iliyokuwa imekatika ikarudi ikashikana. Hiyo ndiyo ilikuwa siku ya kwanza tangu mume wangu afe niliyojua mikono yangu iko wapi.

Tangu hapo shemeji alianza kuja nyuma ya nyumba. Alihesabu kuni. Aliwaambia wateja waongee na yeye. Nilimwacha. Kwa hali niliyokuwa nayo, angeweza kung'oa paa nisiseme neno.

Eda ilipokwisha, nikavua nguo za kufiwa, akaja na wale wazee wawili.

"Mulamu," alisema, "ulipokea moto wangu na mikono mbili, na bantu baliona. Ku kwetu, mujane akipokea moto ya ndugu ya bwana yake, ameingia ku nyumba yake. Sasa we ni muke wangu. Na hii kazi ya sabuni ni ya nyumba yangu."

"Sikujua," nilisema.

"Kujua ao kutojua, ulipokea. Kama hautaki, hakuna muntu anakufunga. Beba nguo zako, wende. Pipa inabakia, na kiwanja inabakia."

Basi mambo yalikuwa hivyo: niwe mke wake nibaki na pipa, au niwe huru niondoke mikono mitupu. Nilitafuta hasira ndani yangu nikaikosa. Nilichokijua ni kwamba yule mtu simtaki, na kwamba nikitoka pale sina pa kwenda, kwa sababu wazazi wangu walishakufa na kazi nyingine siijui.

Shehe wa mtaa alinisikiliza vizuri. Aliniambia fungu la mke katika urithi na akalaani mila za milimani. Lakini mama mmoja aliyekuwa akiniuzia mawese, mwanamke mnene aliyewahi kushitakiwa na nusu ya soko na kuwashitaki nusu iliyobaki, alicheka mpaka akashika kiuno.

"Shehe ni muntu muzuri," aliniambia, "lakini ku tribunali ya Fizi hakuna Korani. Kule juu kuko bazee ba mulima, na karani, na Muzungu mwenye kutawala teritware, ule anachungulia mara moya moya. Ukianza kuwaambia mambo ya eda, batalala usingizi. Ongea nao mambo yenye banajua."

"Mi sijue yenye banajua."

"Basi ongea kazi. Tafuta bantu benye baliona mikono yako ku ile pipa. Vaa nguo safi, lakini hapana ya kupita muke ya muzuzi wa kukata kesi. Usilie, na usiongee mbele ya kuulizwa. Na sikia hii muzuri, ndugu yangu: usiulize muntu kitu ku tribunali kama haujue atajibu nini. Mi nilipoteza mbuzi zangu sababu ya swali moya tu."

Maneno yale baadaye niliwapa watu wengi, na kwa wengi yalifanya kazi. Mimi mwenyewe nilishindwa kuyashika.

Tulipanda Fizi kwa miguu, mimi, yule mama wa mawese, na mwanamke mwingine wa mtaani aliyekubali kushuhudia. Njia ile inapanda mpaka ziwa linakuwa chini yako na hewa inakuwa baridi. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya barabara. Shemeji alikuwa ametangulia na mke wake. Tuliwakuta mbele ya tribunali, kwenye foleni ya watu wenye kesi za mihogo, za mipaka, za wake waliokimbia. Tulikaa chini kwenye majani yenye maji. Wenzangu walinong'ona wakapanga maneno. Mimi nilimtazama mfungwa mmoja akifagia uwanja wa bendera, nikaona anarudia kufagia palepale.

Tulipoitwa, shemeji alieleza kwa ufasaha. Hakutukana mtu. Alisema kaka yake alimpenda, alisema mimi ni mwanamke mwema na mchapakazi, na kwamba anataka tu mila ifuatwe. Wale wazee wawili wakasimama wakasema waliona. Wazuzi walikuwa watatu, wote watu wa milimani. Mkubwa wao alikuwa na koti la kijeshi na jicho moja lenye ukungu. Karani aliandika.

"We mama," aliuliza mzuzi mkubwa, "moto ulipokea, ao hukupokea?"

"Nilipokea, baba."

"Na mikono ngapi?"

"Mbili."

"Na ulipikia nini?"

"Sabuni."

Watu wakacheka. Mzuzi hakucheka. Mashahidi wangu walieleza jinsi nilivyofanya kazi, wakaeleza vizuri, lakini niliwaona wazuzi wakiangaliana, nikajua kazi haitashinda moto. Kesi ilikuwa imekwisha. Nilikuwa ninawaza ni nani atanipa mahali pa kulala.

Ndipo akaitwa mke wa shemeji, aseme tu kwamba ndiye aliyeleta kile kigae. Akasema ndiyo, alileta. Mzuzi akaniuliza kama nina neno la kumuuliza. Yule mama wa mawese alinifinya mkono, nikajua maana yake: kaa kimya. Lakini jambo moja lilikuwa limenikaa kichwani muda mrefu, dogo, la jikoni, na kwa vile nilishapoteza kila kitu niliuliza kama mtu anavyouliza saa.

"Ule moto," nilisema, "ulitoka ku jiko ya nani?"

Yule mwanamke alimtazama mume wake, halafu akatazama miguu yake.

"Ku jiko yetu hakukuwa moto," alisema. "Kifo kilikuwa cha ndugu ya bwana yangu, kilitugusa na sisi. Ile siku balizima yake, na mi sikuwasha yangu na kiberiti. Ndiyo mila. Kila siku nilienda kuomba moto kwa mama Mungwana wa mandazi, pale pembeni ya soko. Na ule wa sabuni nilitoa kwake."

"Haiko vile!" shemeji alisema. "Siku zote zile nilikula chakula ya moto ya Bangwana?"

"Ulikula," alisema mke wake. "Na ulishiba."

Hapo tribunali nzima ililipuka, mpaka mfungwa wa ufagio alisimama kusikiliza. Shemeji alikuwa mwanamume wa kuketi na kuletewa sahani, miezi yote ile hakuwahi kuuliza kuni zimewaka kwa moto gani. Aliijua mila ya mjane na moto, akasahau ile inayoitangulia, kwamba nyumba iliyoguswa na kifo haina moto wa kumpa mtu.

Mzuzi mkubwa aliinua mkono, watu wakanyamaza. Alisema moto wa nyumba ya kifo hauwashi nyumba ya kifo, kila mtu wa mlimani analijua hilo, na kama moto haukuwa wa shemeji basi mjane hakuingia kwake. Pipa na kiwanja vikae na mwenye kupika, maadamu anapika pale. Siku akiolewa kwingine, virudi kwa ukoo. Karani alisoma, nikaweka dole gumba. Sikuolewa tena. Watu walidhani ni kwa ajili ya huzuni.

Nje, mama wa mawese alinikumbatia akapiga vigelegele. Nilikuwa nimeshinda, na ndani yangu palikuwa kimya vilevile. Shemeji alipita mbele yetu. Hakumpiga mke wake, labda kwa sababu polisi walikuwa karibu. Alimwambia kwa sauti ya kawaida, watu wote wakisikia:

"Mulima yangu usipande tena. Batoto banabakia."

Watoto wao wawili walikuwa wameachwa mlimani kwa bibi yao siku ile. Yule mwanamke alisimama njiapanda na kifurushi chake. Kwao asingeweza kwenda: kaka zake walikuwa wameshaoa kwa mbuzi wa mahari yake, na wakimpokea wangedaiwa kuwarudisha. Sisi tulipoanza kushuka, alitufuata nyuma. Hakuna aliyemwita wala kumfukuza.

Nilijua ninapaswa kumshukuru. Niliipanga ile asante njia nzima, kona baada ya kona, mpaka ziwa likaonekana, na haikutoka. Nyumbani nilimtandikia mkeka. Ilipita wiki nzima kabla sijamuuliza kwa nini alisema.

"Uliuliza," alijibu. "Na mi sikutaka mukewenza mwenye kunuka sabuni."

Nadhani alikuwa ananitania. Kesho yake alishika mwiko wa pili, akawa anakoroga na mimi.

Tumbo lilianza kuonekana baadaye. Alikuwa nalo tayari siku ile ya Fizi. Alijifungua mtoto wa kike mikononi mwangu, msimu wa mawese mengi, na mtoto alipoanza kukaza shingo, mama yake aliniuliza lile swali nililojua linakuja. Wakati huo watu walishaanza kunijia na kesi zao, naye alikuwa anasikia majibu yangu kila siku.

"Na mi nikienda Fizi," alisema, "niseme nini, banipe batoto bangu?"

Nililigeuza kila upande. Nilifikiria mashahidi, nilifikiria nguo, nilifikiria nani aseme kwanza. Mahari ilitolewa, haikurudishwa. Watoto ni wa nyumba iliyotoa mahari. Hakukuwa na mzuzi kule juu, wala Mzungu wa teritwari, ambaye angesema vingine. Yeye alinipa pipa langu kwa jibu moja, na mimi sikuwa na jibu la kumpa. Hilo liliniuma. Ndilo jambo la kwanza lililoniuma tangu kifo cha mume wangu.

"Usiende," nilimwambia. "Bale bakubwa hautabapata."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Na huyu?"

"Huyu banaacha kwa mama sababu ananyonya. Akiacha ziwa, baba yake atashuka kumukamata."

Alimvuta mtoto kifuani.

"Basi usimuachishe," nilisema.

Katika ushauri wote niliowahi kutoa, ule tu ndio ninaoukumbuka neno kwa neno. Hakumwachisha. Mtoto aliota meno, akatembea, akaanza kusema. Sokoni walimcheka mama yake, wakamuuliza kama anangoja mpaka binti aolewe. Maziwa yalikauka. Mtoto alianza kutumwa kuni, na kila jioni tulimkalisha kwenye mapaja ya mama yake, tukamwambia: mgeni yeyote akitoka mlimani, unakimbilia hapa, unafungua kitambaa, unashika ziwa, huachii mpaka aondoke. Alilichukua kama mchezo.

Shemeji alishuka wakati wa jua kali, na mzee mmoja wa ukoo, na nyuma yao watu wawili wenye mizigo kichwani. Nilikuwa kwenye pipa. Mtoto alitupa kuni zake, akakimbia, akafungua kitambaa cha mama yake mbele ya wanaume wote, miguu yake ikigusa chini. Mzee alitazama pembeni kwa aibu. Shemeji hakutazama pembeni.

"Bado ananyonya?" aliuliza.

"Bado," alisema yule mwanamke.

"Muntu mukubwa vile?"

"Bado ananyonya," nilisema mimi. "Mila ni mila."

Wale wawili walitua mizigo yao kivulini, ndipo tukawaona. Walikuwa watoto wake wawili wakubwa. Walikuwa wamerefuka, na yule wa kiume alikuwa na kovu jipya juu ya jicho. Walimtazama mama yao, naye aliwatazama. Hakunyanyuka. Angenyanyuka tu, mdogo angeachia ziwa, na kila mtu angeona kwamba hakuna hata tone. Alimbana yule mtoto kifuani kwa mikono yote miwili, akawaita wale wengine kwa majina yao, mara moja kila mmoja, na wao waliitika wakiwa wamesimama palepale.

Shemeji alisema watarudi mwaka mwingine. Wale wawili walibeba mizigo yao, wakatuaga kwa adabu, wakamfuata baba yao.